Beseni la Unga na Shekhe wa Posa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza nikuseme: juma lililopita ulimwambia yule mama azime televisheni kwa kuwa katuni zinaharibu watoto, na wewe hujui lolote, mwanangu, mimi nimesoma mpaka la tatu tu ila katuni nazijua kukushinda. Ile ya mbweha na bata tunaitazama kila siku mimi na mjukuu wangu Tausi, wa miaka minane, mbweha anamkimbiza bata, anatega ndoo juu ya mlango, ndoo inamwangukia mwenyewe, anakuwa bapa kama chapati, anainuka, anaanza upya, na mtoto hajaharibika, aliyeharibika ni mimi.

Paka wa jirani alikuwa ananimalizia samaki jikoni, nikasema ngoja nimwoneshe, nikapanda kigoda, nikaweka beseni la unga wa muhogo wa kupikia bada juu ya mlango wa uani, nikauacha wazi kidogo, Tausi akaniambia, "Mke mwenzangu, litakuangukia mwenyewe," nikamwambia nyamaza, mimi si mbweha. Siku hiyohiyo, nami nimeshasahau, wakaja watu wa Chumbageni kumposa binti yangu wa mwisho, Saleha, sinia la barua limefunikwa kitambaa, na mkubwa wao Shekhe Badru, mjomba wa kijana, akasema alasiri imeingia, akaomba maji ya kutawadha, akaenda uani. Tukasikia kishindo. Nilimkuta amekaa chini, mweupe mpaka kope, beseni kichwani, akalivua, akatazama kulia, akatazama kushoto, akakohoa unga, vilevile kama mbweha, nami nikacheka, mshauri, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Wakachukua sinia lao, barua haijafunguliwa, wakaondoka.

Nasra, mama yake Tausi, akauliza nani katega, na Saleha analia, nami kwa aibu nikasema Tausi. Akachapwa ndala, televisheni ikageuziwa ukutani, na mpaka leo hajanisema. Siku ya tisa hii Saleha hali chakula, na Sele, mchumba wake, kasema wazee wao wanangoja neno letu. Je, niende Chumbageni, au niwaache wapoe wenyewe? Mimi kuomba radhi sijazoea, na unga ulikuwa wangu. Tausi naye haniiti tena mke mwenzangu, anasema "shikamoo bibi," anapita.

Bibi yake Tausi, Nguvumali

JIBU

Bibi, shikamoo. Umenisema, nimesikia, sasa zamu yangu, na usinikatize. Habari za shekhe umeziandika ukurasa mzima, za mtoto umezitupa mwishoni kama maganda. Kanzu ya shekhe inafuliwa. Tausi amekula ndala za kosa lako na bado anakutunzia siri, siku tisa, mtoto wa miaka minane! Hata huyo mbweha wako, ndoo ikimwangukia, hamsingizii bata.

Kicheko nakuelewa, nami nimecheka nikiisoma barua yako, Mungu anisamehe. Lakini Chumbageni wanaamini Saleha anatoka nyumba isiyo na adabu, na neno la kuwatoa huko unalo wewe peke yako. Ijumaa baada ya sala nenda mwenyewe na Nasra, usitume mtu, mpelekee shekhe kanzu safi, useme: nilitega mimi, nilicheka mimi, nisamehe. Halafu funga mdomo. Unga ulikuwa wa nani, hakuna aliyeuliza.

Hayo ni ya Ijumaa. Leo, kabla hujainjika sufuria, waite Nasra na Saleha wakae, umtaje aliyetega beseni, Tausi akisikia. Kisha igeuze ile televisheni kwa mikono yako, tandika mkeka, umwambie mtoto, "Nisamehe, mke mwenzangu." Asipokujibu, kaa naye hapohapo mpaka katuni iishe.