Matangazo Yaliyofungwa

Jumatatu, 4 Mei

Jambo hili sijamwambia mtu. Watu wa mtaani wanamsifu Mjomba Rashidi kwamba ana pua ya kunusa wateja. Pua hiyo ni mimi.

Ilianza mwaka jana. Mafundi cherehani wa mjomba wanakata sampuli za nguo kwenye magazeti ya zamani: mguu wa suruali, mkono wa shati, kola. Nikitoka shule napita barazani kwake kuwasaidia. Wenzangu wanakata tu. Mimi siwezi kukata karatasi kabla sijaisoma. Siku moja nikaona tangazo la kazi: wanatakiwa walinzi ishirini, mwisho wa kupokea maombi tarehe fulani. Tarehe yenyewe ilishapita. Anayetafuta kazi hana haja nalo tena. Nikawaza, basi hivi sasa kuna walinzi ishirini wapya mahali fulani, na hawana sare.

Nikamwambia mjomba. Akaenda. Akapata.

Tangu siku hiyo kila tangazo lililopita muda nalikata na kulibandika kwenye daftari, kwa kufuata tarehe ya kufungwa. Siku hizi kampuni mpya zinafunguliwa kila kona, kwa hiyo daftari linajaa haraka. Mjomba anasema tangazo jipya lina watu mia mlangoni, lililofungwa halina hata mmoja. “Kwa mwomba kazi limefungwa. Kwa fundi ndiyo kwanza asubuhi.” Anasema hivyo kwa wateja kana kwamba amebuni mwenyewe.

Mafundi wananiita Gazeti. Sipendi. Sijawahi kuwaambia kwamba sipendi.

Leo miguu minne ya suruali, matangazo mawili. Mvua. Jangwani hapapitiki, nusu ya darasa hawakuja.

Jumatano, 6 Mei

Baba amerudi mapema. Hajawahi kurudi mapema.

Ni karani wa ghala katika shirika la umma, pale bandarini, miaka kumi na tisa sasa. Anajua gunia la korosho lililoingia maji kwa kuligusa tu. Leo makarani wote saba wameitwa ofisini. Shirika linaingia ubia na wawekezaji. Wameambiwa kuanzia Juni nafasi ya karani wa ghala imefutwa, haitakuwepo tena. Wamepewa fomu za kukubali kuacha kazi kwa hiari. Mwisho wa kusaini Ijumaa ijayo, tarehe kumi na tano. Asiyesaini ataachishwa vilevile, ila kiinua mgongo asahau.

Kwa hiari. Nimeisoma fomu mara tatu. Hiari yenyewe sijaiona.

Mama alimwuliza kama atasaini. Baba akasema kazi kama haipo haipo, atagombana vipi na kitu ambacho hakipo. Akaiweka fomu chini ya redio.

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 9 Mei

Sasa najua.

Nimekwenda kwa mjomba asubuhi na chai na bakuli lake la mihogo kutoka kwa mama. Baraza limejaa ovaroli za bluu, mafundi wanashona nembo mifukoni. Nikachukua nembo moja kuisoma, kwa sababu nasoma kila kitu. Jina la shirika la baba. Jina jipya la wabia limeongezwa mbele yake.

Ovaroli mpya za nani, kama watu wanaondolewa?

Nikauliza mzigo huu umetoka wapi. Fundi Kassimu akacheka. “Si wewe mwenyewe Gazeti? Lile tangazo la sanduku la posta.”

Nikalitoa daftari kwenye mkoba. Ukurasa wa thelathini na moja. Nililibandika mwezi uliopita. Wanatakiwa makarani wa ghala saba, wenye uzoefu wa korosho na kahawa, umri usizidi miaka thelathini na mitano, kuanza kazi mwanzo wa Juni. Mwisho wa maombi 10 Aprili. Hakuna jina la mwajiri, sanduku la posta tu. Nilipolikata nilichora nyota pembeni, maana matangazo yasiyo na jina ni magumu. Mjomba ana njia yake. Anakwenda Posta, anakaa karibu na masanduku kama anayemsubiri mtu, anaangalia nani anakuja kufungua lile sanduku. Kwa hiyo alimwona tarishi wa shirika. Anamfahamu. Tarishi yule amewahi kula pilau nyumbani kwetu siku ya Idi.

Makarani saba. Baba ana miaka arobaini na saba.

Nilimwita mjomba pembeni.

“Mjomba, ulijua?”

“Nilijua nini? Mimi fundi cherehani.”

“Ulijua wanamtoa baba.”

Akaangalia barabarani. Akasema mambo ya wakubwa hayo, angemwambia shemeji yake, shemeji angekwenda kupiga kelele kazini, na mzigo ungekwenda kwa mafundi wengine. Ana mafundi wanne wanaomtegemea. Halafu akanigeukia.

“Na aliyeniletea tangazo ni nani? Tena ulinikumbusha mara mbili.”

Ni kweli. Nilimkumbusha mara mbili.

Jumapili, 10 Mei

Sijamwambia baba. Nimeshinda na kitabu cha Historia bila kugeuza ukurasa.

Mjomba ndiye aliyeninunulia miwani. Kila ninapoivua kuipangusa nalikumbuka hilo, na hasira inaongezeka badala ya kupungua. Aliniona naisoma dunia kwa miwani yake, akaitumia, na kilichomhusu baba yangu akakificha. Mwezi mzima anakula chakula cha mama na kumwuliza baba habari za kazi. “Shemeji, kazini vipi?” Baba anamjibu nzuri.

Jumanne, 12 Mei

Kwenye kipindi cha Siasa mwalimu ametueleza faida za soko huria. Ushindani, ufanisi. Akauliza nani ana swali. Nilikuwa nalo. Sikunyosha mkono.

Nyumbani nimemkuta baba amefungua kalamu. Anajaribu sahihi yake nyuma ya bahasha, kama mtoto anayejifunza. Nilishindwa kuvumilia. Nikaweka daftari mezani, limefunguliwa ukurasa wa thelathini na moja, nikatoka kwenda bombani. Ndoo ilijaa ikamwagika.

Niliporudi alikuwa bado anasoma.

“Lilifungwa lini?”

“Tarehe kumi Aprili, baba.”

“Sisi tumeambiwa tarehe sita Mei.”

Kisha akaniuliza nimelipataje. Nikamweleza yote: sampuli, daftari, Posta, ovaroli, na kwamba mimi ndiye niliyempa mjomba. Nilisema huku nikiangalia sakafu. Baba hakupandisha sauti. Alivaa shati akatoka kwenda kuwatafuta wenzake.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Rashidi ni mdogo wake, amemlea. Jioni alipopakua chakula hakutoa bakuli la mjomba kabatini.

Jumatano, 13 Mei

Wenzake baba sita wamekuja. Wamekaa hadi kwenye ngazi. Mzee Nandonde, mkubwa wao, alitaka tangazo lisomwe kwa sauti. Baba akasema asome aliyelipata. Nikasoma. Mzee Nandonde akasema hasikii, nikasoma tena. Nilipofika penye umri usizidi thelathini na mitano, mmoja akasema, “Kumbe kazi ipo. Tusiokuwepo ni sisi.”

Wengine walicheka. Mzee Nandonde hakucheka. Alisema alibeba magunia pale kabla hawajamfanya karani, na mgongo wake umepinda kwa ajili yao. Kama wanamtaka aondoke, wamwambie aondoke. Wasimwambie kazi haipo.

Nimeandika maneno yake hapa nisije kuyasahau. Kesho wanakwenda ofisi ya kazi.

Alhamisi, 14 Mei

Wamerudishwa. Afisa amelishika tangazo, amelipindua, ameuliza limetoka gazeti gani, la lini. Kipande kama hiki mtu yeyote anaweza kukipiga chapa, alisema. Walete ukurasa wenye jina la gazeti na tarehe juu.

Kosa langu. Siku zote nakata tangazo peke yake, mraba mzuri, kwa mkasi mdogo. Kichwa cha ukurasa hubaki kwenye sampuli.

Nimekwenda moja kwa moja kwa mjomba, bado nina sare ya shule. Sampuli zinaning’inia kwenye misumari ukutani, makundi makundi. Nilizipekua moja moja. Mafundi waliacha kukanyaga cherehani. Niliyoitafuta ilikuwa mguu wa kushoto wa suruali, saizi kubwa. Tundu la mraba katikati ya paja, na juu kiunoni jina la gazeti na tarehe, nzima kabisa. Nikaweka kipande changu kwenye tundu. Kiliingia bila kubaki nafasi, na nusu ya herufi iliyokatwa ikakutana na nusu yake.

Mjomba alisimama mlangoni.

“Hiyo sampuli ya mteja.”

“Nitakukatia nyingine.”

“Wakiuliza imetoka wapi utasemaje? Utanitaja. Hawa watu watanikatia mzigo, mwanangu. Nimeshanunua kitambaa chote.”

Aliniita mwanangu. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye hofu, si wa mtu mbaya, na hilo limenikera zaidi. Ningependa awe mbaya tu.

Nikamwambia nitasema ukweli nikiulizwa, nisipoulizwa sitasema.

“Ukitoka nayo hapo, usirudi.”

Nilikunja mguu wa suruali mara nne, nikauweka katikati ya kitabu cha Jiografia, nikapita. Alisogea kidogo tu, lakini alisogea. Kassimu hakuniita Gazeti. Nimelia kuanzia Mtaa wa Msimbazi mpaka nyumbani, bila kujificha, na sikuona haya.

Ijumaa, 15 Mei

Nimekosa shule. Baba mwenyewe kasema niende nao.

Afisa wa kazi alitandaza sampuli mezani. Aliangalia tundu, akaangalia kipande, akavipanga. Baba alimwambia sanduku lile hufunguliwa na tarishi wa shirika. Aliuliza hili ni nini, baba akamwambia ni mguu wa suruali. Hakuuliza zaidi. Hakuuliza jina la fundi.

Ameandika barua kwa shirika: fomu zisimame mpaka waeleze mbele yake kwa nini wametangaza nafasi saba kisha wakasema hazipo. Amegonga muhuri. Amesema hatoi ahadi yoyote. Wenye shirika wana mawakili, na wanaweza kubadili jina la cheo wakasema ni kazi nyingine.

Saa tisa na nusu ilikuwa mwisho wa kusaini. Mzee Nandonde na wenzake walisimama nje ya ofisi ya utumishi na fomu zao tupu. Hakuna aliyesaini. Meneja aliwaambia watajuta. Labda watajuta. Baba hakula mchana wala jioni, lakini alinyoa ndevu, na alikuwa hajanyoa tangu tarehe sita.

Mjomba hajaja. Mama amemfulia shati lililobaki hapa, amelikunja, ameliweka karibu na mlango.

Jumapili, 17 Mei

Asubuhi nimelipitia daftari lote tena, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Safari hii sikutafuta nani atahitaji sare. Nilitafuta namba ya sanduku lile.

Imo mara mbili zaidi. Madereva wa malori kumi na mmoja, limefungwa 24 Aprili. Wapima mizani wanne, limefungwa 30 Aprili.

Nimemwuliza baba kama madereva wameitwa. Akasema bado, hawajaambiwa lolote, wanaendelea na safari kama kawaida. Kiongozi wao anaitwa Bwana Mkude, anakaa Keko.

Nimeandika matangazo yote mawili kwa mkono, kwa herufi kubwa, na tarehe za kufungwa nimezipigia mstari. Chini nimeandika namba ya sanduku, ili wakatafute ukurasa mzima wenyewe kwenye magazeti ya kabla ya tarehe hizo. Baba alitaka kwenda yeye, lakini ana homa kidogo. Nikasema nitakwenda mimi.

Nimetembea kupitia Gerezani. Nimeuliza nyumba mara mbili. Nimepiga hodi, mkewe akafungua, nikamwamkia shikamoo. Alisema mumewe amelala, amerudi kutoka Tunduma leo alfajiri. Nikamwomba amwamshe.

Akaja amejifunga shuka, macho mekundu. Nikampa karatasi. Akaniuliza ni nini. Nikamsomea.