Sahihi ya Kukurudisha Gesima

Kaka yangu Ombati,

Nakuandikia nikiwa ofisini. Wakili ameenda mahakamani na mlango nimeufunga kwa ndani. Ungekuwa hai ungenicheka, maana ulikuwa ukiwaambia watu kwamba dada yako ameajiriwa kuogopa kwa niaba ya wengine. Bado naogopa. Na ni wewe tu ninayetaka kumweleza, ingawa umelala katika chumba cha baridi huko Uarabuni, katika mji ambao sitauona.

Unakumbuka tulipoanguka kwenye mteremko wa Nyanchwa? Nilikuwa kidato cha tatu, umenibeba kwa pikipiki na sanduku langu la shule, mvua imetoka kunyesha. Gari dogo likatuchomekea, likaenda zake. Mimi nililia kabla sijajua kama nimeumia. Ulinishika mikono na miguu ukiangalia kama kuna kilichovunjika, kisha ukaniacha kwenye nyasi ukaenda kuinua pikipiki, goti lako likitoka damu. "Kwanza tuitoe barabarani," ulisema, "lori likija litatumaliza." Wenzako wa steji ya bodaboda wakafika mbio. Mmoja akakutania, "Ombati, siku hizi unabeba abiria kwa magoti?" Wakalifunga goti kwa leso, wakanyoosha usukani, nami nikafika shule kabla ya kengele. Kwetu ajali huisha hivyo. Pikipiki inaondolewa, watu wanajuliana hali, kila mtu anashika njia yake.

Rafiki yako wa Birongo, yule mliyekuwa mkipeleka vyakula pamoja kwa pikipiki huko Uarabuni, ndiye aliyenipigia simu. Aliniita Msomi, kama ulivyoniita wewe. Alisema gari lilikugonga ubavuni kwenye makutano, taa zikiwa zinakuruhusu kupita, na kwamba ulisimama mwenyewe.

"Alinishika bega, Msomi, akasema yuko sawa, tutoe pikipiki kwanza. Nikamsaidia kuisukuma. Tulipofika ukingoni akaketi. Hakuinuka tena."

Ulifia hospitalini jioni hiyo. Damu ilikuwa imevujia ndani.

Polisi walipofika, barabarani hapakuwa na kitu cha kuonyesha nani alimgonga nani. Mwenye gari akasema ulianguka mwenyewe, na kampuni yako ikalishika neno hilo. Wakatutumia karatasi. Tukikubali kwamba kosa lilikuwa lako na kwamba hatutadai fidia, watakuleta nyumbani kwa gharama yao. Tukikataa, tuna haki ya kwenda mahakamani huko, lakini mwili utabaki huko kama ushahidi mpaka kesi iishe.

Unaijua kazi yangu. Kila asubuhi watu walioumizwa na pikipiki huingia hapa kwa magongo, nami huwaambia kabla hawajaketi: usitie sahihi chochote ulicholetewa na watu wa bima. Hulisema hilo kama salamu.

Jumapili tulikutana nyumbani Gesima. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeelewa mambo ya ofisi, familia iliamua nitie sahihi kwa niaba ya wote, Kerubo mkeo akiwemo. Nilieleza polepole. Nilisema rafiki yako yuko tayari kutoa ushahidi, kwamba kesi inaweza kuchukua miaka lakini tunaweza kushinda. Lile la kukubali kwamba kosa ni lako nilimwambia Kerubo peke yake. Mbele ya Mama ulimi ulikataa.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu si ushahidi," alisema. "Mwanangu ni mtu. Mleteni."

Kerubo alikuwa amempakata Moraa, ambaye ulimwona kwenye simu tu. Hakuinua kichwa. "Na huyu mtoto atakula kaburi, Mama?"

Hakuna aliyemkemea. Mama alitoka nje akaenda kusimama kando ya migomba, pale alipokwisha kufyeka mahali pako. Majani chai yamekomaa shambani hadi yamekuwa magumu, hayachumi. Jirani akimuuliza, anajibu kwamba hawezi kuingia shambani huku akingoja mgeni.

Nilirudi mjini nikamwomba wakili ushauri. "Ungekuwa mteja ningekuambia ukatae," alisema. "Lakini siwezi kukuambia umwache ndugu yako huko." Akarudi kwenye mafaili yake. Nilitaka aamue. Nilitaka mtu yeyote aamue.

Jana Kerubo aliingia hapa ofisini, Moraa mgongoni, akaketi kwenye benchi la wateja. Nilidhani amekuja kunisihi nikatae, na ukweli ni kwamba nilitamani anisihi, nipate pa kujificha.

"Wifi, tia sahihi."

"Na mtoto?"

"Mtoto atalelewa kwa chai kama tulivyolelewa sisi. Mama hali chakula. Nikingoja kesi nitazika wawili."

"Ukishakubali hakuna kurudi nyuma, Kerubo. Hata ukweli ukija kujulikana."

"Nani asiyeujua? Mimi naujua, wewe unaujua, hao wa kampuni wanaujua kutushinda. Tia sahihi, wifi, nisikose gari."

Nikatia sahihi. Juu ya jina langu imeandikwa kwamba ulikuwa ukienda kasi, kwamba hukuitii taa, kwamba uzembe wako ndio uliokuua. Jina lenyewe nimeliandika vizuri, kwa mwandiko ule uliokuwa ukijivunia kwa watu. Siku nyingi kampuni haikupokea simu zetu; jana walijibu kabla sijatoka kazini. Utafika Alhamisi.

Leo asubuhi Mama amenipigia. Amekula uji. Alinishukuru, akaniombea baraka ndefu mpaka nikaona aibu kuisikiliza. Kisha akasema mchungaji amefika nyumbani, anaandika historia yako ya kusomwa kaburini, na amekwama mahali pamoja.

"Hiyo karatasi ya kampuni inasema alikufaje?"

Niliinuka kwanza nikaufunga mlango. Akadhani laini imekatika. "Mwanangu, uko?"

"Niko, Mama."

"Inasemaje?"

"Inasema aligongwa na gari," nikamwambia. "Inasema alikuwa na haki ya kupita."

Nilimsikia akimrudia mchungaji maneno hayo, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu aliyelipwa haki yake. Hivyo ndivyo yatakavyosomwa Jumapili ijayo mbele ya watu wote, na ndiyo kweli, Ombati, ndivyo ilivyokuwa. Mimi nitakuwa nimesimama hapo pamoja na Kerubo, nikimwomba Mungu asitokee mtu wa kutaka kuiona karatasi.

Njoo, kaka.

Ni mimi dada yako, mwenye jina pale chini.