Namba Nilizoogopa Kuzigusa

Mwalimu Tluway,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kuanza bila shikamoo nashindwa. Ungenitazama juu ya miwani mpaka nirudi mlangoni nianze upya.

Ni mimi Fausta, uliyenifundisha kazi ya kompyuta pale hospitalini kwetu Mbulu. Miezi mitatu sasa tangu tukuzike Endagikot, na chumba cha seva, zile kompyuta kuu tatu, nimeachiwa peke yangu. Mwalimu, naogopa. Nakwambia wewe kwa sababu ofisini siwezi kusema. Asubuhi nikiona ukungu umeshuka na umeme unachezacheza, nakimbilia kuziangalia mashine kabla hata ya chai. Wewe asubuhi kama hizo ulikuwa unakausha soksi nyuma ya seva, unapiga mluzi, huna habari.

Jambo lenyewe ni hili. Ule mpango wa kutuma majibu ya maabara moja kwa moja kwenye zahanati uliuacha njiani. Niliumalizia, nikaupakia kwenye mashine zetu tatu, ukagoma. Kila nikiangalia: unasubiri. Unasubiri nini? Nafasi. Na mashine zenyewe zimekaa tu, hazina kazi ya maana! Nikakumbuka ulivyonieleza, kwamba zile programu za usimamizi, zinazoamua kazi ipi ikae mashine ipi, zimetengewa sehemu yake ya prosesa, ule ubongo wa mashine, ziitumie zisiitumie. "Ni viti vya meza kuu, Fausta. Hata mgeni rasmi asipofika, wewe hukai." Kwa mashine ndogo kama zetu, meza kuu ilikuwa imekula karibu theluthi ya ukumbi.

Dawa ilikuwa kupunguza zile namba zinazosema kila programu itengewe kiasi gani. Lakini ningeanzaje? Nilijua umeziweka wewe. Daktari mkuu aliponiuliza mbona mpango hauanzi, nilimjibu kwa ukali, Mungu anisamehe: "Hizi aliziweka marehemu. Haziguswi." Akarudi wodini. Nani atabishana na marehemu?

Wakati huo mama mmoja mjamzito wa Nambis alikuwa anakuja kwa miguu kufuata majibu yake ya damu. Mara ya kwanza hayakuwa tayari. Mara ya pili yalikuwa yameshaondoka na bodaboda kwenda zahanati ya kwao, wakapishana njiani. Nilimkuta kwenye benchi, miguu imevimba, akaniuliza, "Dada, nirudi tena lini?" Niliona aibu, nikaenda kujifungia chumba cha seva.

Ndipo nikachukua laptop ya zamani, nikajenga mfumo upya kwa kufuata hatua ulizonifundisha, ili nione ulikuwa unafikiria nini. Sikuweka namba hata moja. Kumbe! Zikatokea zilezile, zenyewe. Hazikuwa zako, Mwalimu. Zinakuja na mfumo, wamezipanga watu wa mbali wasioijua Mbulu wala mashine zetu, na wewe uliziacha kama zilivyokuja. Wewe, uliyekuwa unanifokea kila siku, "Pima kwanza, usikisie!" Nilikasirika. Halafu nikalia. Jamani, muda wote huo nimelinda wasia ambao hukuuandika.

Baada ya hapo hofu ikaja upya. Zilipokuwa zako, likiharibika tunaharibu wawili. Sasa ni mimi. Ukizibana mno hizo programu, siku ya msongamano zinakosa pumzi, mashine zinaacha kusikilizana, na mafaili ya wagonjwa hayafunguki. Kliniki imejaa wajawazito, faili hakuna. Ningejificha wapi?

Nikapima wiki mbili, hasa saa tatu asubuhi watu wanapojiandikisha. Jumanne hii nikasema, maji ukiyavulia nguo yaoge. Nikaanza na mashine moja, ili mbili zishikilie. Ile programu inayotunza kumbukumbu za mfumo sikuigusa, maana hiyo ikisinzia tumekwisha. Nyingine nikazipunguza nusu. Nikakosea nywila mara mbili. Saa tatu ikafika, Paulina wa mapokezi akapiga kelele, "Fausta, faili halifunguki, inazunguka tu!" Nikairudishia nafasi kidogo ile programu inayopokea maombi ya kufungua mafaili, nikasimama, jasho ndani ya sweta, na baridi yote ile. Faili likafunguka. Na la pili. Na la kumi.

Mpango wa maabara ukaacha kusubiri. Mchana muuguzi wa Nambis akanipigia simu: majibu ya yule mama yamefika, ameanza dawa leo hii. Nilikaa chini sakafuni, Mwalimu, nikakutafuta nikwambie.

Bado naogopa. Mashine mbili zimebaki, nitazifanya kesho. Lakini juu ya kila namba niliyobadilisha nimeandika maneno haya: "Nimeweka mimi, Fausta. Nilipima wiki mbili, na nilikuwa na hofu. Ukiona haifai, badilisha." Nakuahidi nitaandika hivyo popote nitakapogusa, mpaka siku yangu.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nilikupenda, ndiyo maana nilikuogopa hata ukiwa kaburini. Atakayekuja baada yangu sitaki aniogope hivyo.

Fausta