Ya Wakwe Iwe ya Kweli

Kandida,

Nimerudi tena kwa mpambaji wa harusi yako. Maharage yapo jikoni, yaongeze maji yasiungue. Baba yako akitoka shamba mpe chakula kwanza, maneno baadaye.

Asubuhi nilikugombeza mbele ya mpambaji, nikatoka. Haikuwa vizuri. Lakini na wewe! Keki ya ghorofa tano, ndani lile povu jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni, halafu unaniambia, "Mama, ni ya picha tu."

~~Basi fanyeni mnavyotaka, mimi ukumbini siji.~~ Nitakuja.

Hiyo kubwa ya kupambia iwe feki, nimekubali. Lakini ile utakayopiga magoti kumkabidhi mama mkwe wako iwe ya kweli. Wenzetu walitoka Malinyi na ng'ombe wa mahari wanaotembea kwa miguu yao, sisi tuwape kitu kisicholika?

Mtakayonikabidhi mimi ndiyo iwe feki. Usinibishie. Ya kweli ingeliwa ikaisha siku ileile. Hiyo feki nitaiweka juu ya kabati, na wewe ukishakwenda kwako, nitakuwa naifuta vumbi.

Mama yako