Kimya Chako Baada ya Swali

Mpendwa Papa Naomi,

Kwanza nikuseme kidogo, maana tangu uondoke sijapata mtu wa kumsema vizuri. Mume gani anamwachia mke wake masomo ya video marefu kama misa ya Pasaka, halafu anajifia zake? Wiki hizi zote nimeketi ofisini kule mtaa wa Golf, vifaa vya kusikilizia masikioni, nawe unanifundisha fraction, zile hesabu za sehemu, kana kwamba hatukukuzika.

Unakumbuka tulivyorekodi. Tulitundika mablanketi kwenye madirisha ya chumba chetu hapa mtaani Makomeno ili sauti isivume, tukaziba chini ya mlango kwa kitenge changu cha zamani, na bado jogoo wa jirani akajitia kwenye somo la kwanza. Simu ilikuwa juu ya rundo la vitabu, mimi nimesimama nyuma yake, wewe mbele ya ubao na mkate mkononi, jasho linakutoka. Nilikuambia utazame simu. Ukanitazama mimi. Ndiyo maana hadi leo, mtu akiifungua video ile, anaona mwalimu mzee anayemtazama kwa upendo uliozidi kidogo ule unaotakiwa kwenye hesabu.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, tena ilikuwa yetu. Wewe ulikuwa umefundisha hesabu sekondari miaka mingi, na mimi kazi yangu ni kupanga masomo: nachukua anachokijua mtaalamu, nakipanga ili mtu aliye peke yake na simu yake aweze kujifunza. Safari hii wanafunzi walikuwa walimu wa shule za msingi za Mitwaba, ambao barabara na mshahara haviwaruhusu kuja kusoma Lubumbashi. Mtaalamu alikuwa mume wangu. Kazi ngumu kama hiyo simtakii adui.

Kila jioni tuligombana mezani. Mimi nilikuuliza swali lilelile: "Mutu akimaliza hii somo, ataweza kufanya nini?"

"Atajua fraction," ulijibu.

"Kujua haiko kufanya. Atafanya nini?"

Ulinuna. Ulitoka nje uani ukazunguka kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea, kisha ukarudi mlangoni na uso mwingine kabisa: "Atakata mukate mbele ya batoto bila kuogopa."

Niliandika hivyohivyo, kwa maneno yako, juu kabisa ya mpango wa kozi. Hakuna mtaalamu mwingine aliyewahi kunipa lengo zuri kuliko lile, na sikukuambia kwa sababu ungevimba kichwa. Nakuambia leo.

Halafu ile tension yako, presha ya damu, ikakuchukua kabla hatujafungua kozi. Wageni wa matanga wakarudi makwao, sufuria zikarudi kwa wenyewe, nami nikarudi ofisini, kwenye sauti yako.

Sasa nikupe habari, hata kama mwanzo wake ni mbaya. Walimu wa Mitwaba walianza kozi wengi, wakaiacha katikati. Patient, yule kijana wetu anayekata video, ndiye aliyeniambia, tena kwa adabu, maana anajua ni sauti ya nani. "Mama, video ya muzee iko murefu sana. Mégas inawaishia mbele afike kwenye mukate." Unakumbuka jinsi mtu anavyonunua mégas za intaneti kidogo kidogo, kama mafuta ya kupikia. Walikuwa wanazimaliza ukiwa bado unasimulia ya mjomba wako na baiskeli.

Mkuu wa ofisi akasema somo lirekodiwe upya, kwa video fupi na sauti ya kijana mwingine, safi, isiyokohoa. Papa Naomi, nilihisi kama wanakuzika mara nyingine, safari hii bila hata wimbo. Nikaomba nikate mwenyewe video zako, tuwajaribishe walimu tena. Mkuu akakubali, lakini akanieleza wazi: wakiacha tena katikati, sauti yako inafutwa.

Jambo moja nililitoa siku hiyohiyo. Mwisho wa kila video ofisi ilikuwa imeweka kitufe cha kubonyeza, "Nimesikia", yaani nimeelewa. Wote walikuwa wamebonyeza. Kwenye zoezi lililofuata, hao hao wakaandika kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Nilicheka peke yangu, maana nilikusikia. Wewe hukuwahi kuuliza darasa kama limeelewa. Ulisema: "Darasa ya kwetu, ukiuliza kama bamesikia, bote bataitika. Hata mwenye kulala ataitika." Ndivyo tulivyolelewa, mwalimu haambiwi hapana. Sasa mahali pa kitufe kile pana kazi: chora mkate wako, ukate, upige picha, ututumie. Picha haiitiki "ndiyo" kwa heshima.

Kisha nikaanza kukata. Kila video jambo moja tu, fupi, ya kuishia ndani ya mégas za mtu wa kawaida. Mjomba na baiskeli yake wakatoka. Kikohozi kikatoka. Pale unaponyanyua macho na kuuliza, "Mama Naomi, inaandika?" nilirudia kusikiliza. Kwa mwanafunzi maneno yale hayana faida yoyote. Nikayatoa, nikalia, na Patient akaniletea maji akajifanya anasoma simu yake. Vipande vyote nimevileta nyumbani. Ofisi imepata mwalimu mwenye nidhamu, na mimi nimebaki na mume wangu msumbufu.

Tukafika kwenye swali lako. Unalikumbuka, la mikate miwili ya ukubwa mmoja. Unainua mkate: "Hii nakata bipande tatu. Hii ingine nakata bipande ine. Nakupatia kipande moya tu. Utakamata ya mukate gani?" Na hapo unanyamaza. Unanyamaza kweli, ukitazama mbele, mkate mkononi, mpaka jogoo anawika na kumaliza.

"Ile kimya yote tuitoshe, tuikate, Mama," Patient alisema. "Mutu atazani réseau imekatika."

"Ile usiguse."

Alinishangaa. Mimi niliyekata video kwa machozi wiki nzima nagoma kwa ajili ya mahali ambapo mtu hasemi kitu. Sikumweleza yote, lakini wewe unajua. Siku ile ya chuo cha ualimu, nje ya ukumbi, uliponiuliza kama nitakubali kuolewa nawe. Wanaume wengine wangeuliza na kujijibia wenyewe, wangetaja nyumba watakayojenga. Wewe uliuliza ukanyamaza. Wenzangu walipita, wakatusalimia, wakaenda. Nilidhani umepatwa na ugonjwa. Nikasema, "Sasa unangoja nini?" Ukasema, "Wewe." Basi, hukuongeza hata neno. Katika maisha yangu yote hadi siku ile, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza jambo kisha akaamini kwamba nina jibu. Nilikupenda pale pale, nikajifanya nafikiri.

Darasani ulifanya vivyo hivyo, na watoto waliokuwa wanaogopa hesabu walijikuta wakifikiri, kwa kuwa hakuna aliyewaokoa. Kwa hiyo nilikiacha kimya chako chote. Ili watu wasidhani mtandao umekufa, nilimwomba Patient aandike chini ya mkate, kwa herufi kubwa: "Jibu kwa sauti. Mwalimu anangoja."

Tukatuma. Siku zilizofuata sikula vizuri, na mtoto wetu Naomi akanichungulia kila nilipogusa simu.

Jana Mama Ngoie, mwalimu mmoja wa kule Mitwaba, alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema kwanza nisamehe kelele: baada ya shule wanachanga mégas na kukusanyika kwenye simu moja, na safari hii alikuwa amewasha simu ya pili irekodi, ili nisikie wanavyosoma. Nilikaa kwenye kitanda chetu, chumba kilekile, nikasikiliza.

Ukauliza swali lako. Ukanyamaza.

Kwanza hakukuwa na kitu, benchi tu likilia. Kisha mwanaume mmoja akasema, "Ya ine. Ine njo mingi." Mama Ngoie akamrukia: "Hapana, papa! Bipande bikikuwa mingi, kila moya inakuwa kadogo! Kamata ya tatu!" Wakaanza kubishana wote kwa pamoja, mtu akaomba mkate wa kweli uletwe, mwingine akasema bora bukari, ugali wetu, na katikati ya makelele yale sauti yako ikatoka, taratibu, palepale ulipoiacha, ikitaka sababu: "Juu ya nini?"

Wote wakageukia simu. Kisha mwanamke mmoja akapaza sauti, "Ee! Ametusikia!" Wakacheka, nami nikacheka na kulia, na Naomi akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimeanguka. Tukairudia pamoja. Picha za mikate yao zimeanza kufika leo, imekatwa vibaya, imekatwa vizuri, na hakuna aliyeacha katikati. Mkuu ameziona. Sauti yako inabaki.

Nakukosa, Papa Naomi. Nakukosa mezani, kwenye ugomvi wa jioni, na upande wa kitanda ambao bado siulalii. Lakini sitadanganya kwamba nyumba ni kimya tupu. Nimejua sasa kwamba mahali uliponyamaza paliachwa wazi kwa ajili ya watu, na watu wameingia. Kule juu Mitwaba, watu ambao hukuwahi kuwaona wanakujibu.

Pumzika sasa, jogoo wa jirani bado yupo na hajabadilika.

Mimi, niliyekujibu wa kwanza,
Mama Naomi