Mtu wa Ukingoni mwa Mfereji

Jumanne. Jua la Ruwais, mtaa wetu mpya, limewaka tangu asubuhi kama lina deni na mtu, lakini roho yangu nyeupe. Nakuandikia kwenye simu kwa kidole kimoja, shajara, na leo nimevunja kazi yangu mwenyewe.

Bosi katuhamishia Jeddah kutoka Riyadh, na picha yake kubwa, nakala ya mchoro wa zamani sana wa Wataliani: mji ambao njia zake ni maji, watu wamejaa kingo zote mbili za mfereji hadi juu ya daraja. Akataka niitengenezee fremu. Mimi seremala wa Unguja, miaka arobaini napima kwa shubiri. Futi ni ya wasiojiamini.

Fremu imetoka nzuri mno. Imepungua vidole vinne.

Sikukubali. Nikamwambia bosi picha ndiyo imezidi.

"Basi ikate huku pembeni, Ami Juma, halas. Huku hamna kitu."

Nimeshashika kisu, Wambui mpishi akaja na chai. Akachungulia. "Babu, watu wote hawa, na wa kumkata ukamchagua huyu wa kwetu?"

Nilikuwa nimeshamwona. Sema nilikuwa sijamtazama.

Pembeni kabisa yuko mtu mweusi kama mimi, kavua nguo kabaki na kitambaa kiunoni, kasimama juu ya ubao, vidole vya miguu vishapita ukingo. Bosi husema ile picha ni sherehe. Kusoma maandishi ya Wataliani kumenishinda, kutazama hakujanishinda. Sherehe gani hiyo, watu wote macho majini? Kitu chao cha thamani kimetumbukia. Mabibi wamepiga magoti na lulu shingoni, mabwana wameshika majoho yasilowe. Huyu peke yake ndiye anayekwenda kukitoa. Ukimkata, wanabaki watazamaji watupu.

Nikaweka kisu chini, nikamwita bosi.

"Picha haikuzidi. Nimekosea mimi kupima."

Miaka yote niliyokaa kwake hajanisikia nikisema hivyo. "Wewe?"

"Mimi."

Imenichoma, siongopi. Ila fundi mwingine angekata akaenda zake kulala. Mimi si fundi mwingine.

Alfajiri nikishaswali naanza mbao mpya. Na upande ule nitamwachia nafasi mbele yake, asije akaruka akajigonga kichwa.