Kikombe cha Mwende

Kioko mwanangu,

Huko Matuu mnaamkaje? Goti la baba yako limepoa? Usinijibu "tuko salama" tu kama mtoto wa shule, niambie mambo. Huku India tunapewa ndengu asubuhi na jioni, na hakuna anayejua kuzipika. Naandika mwenyewe; kusoma ngumbaru ukubwani hakukuwa bure.

Sasa sikiliza. Ile picha ya kichwa ya Nairobi, ya kutafuta chanzo cha kifafa, ilisema mtoto wako Mwende hana kitu, na majirani wakasema kama picha haioni, basi amerogwa. Huku wanamlaza ndani ya mashine kubwa ya sumaku, inagonga kama fundi wa mabati. Akiogopa anatikisika, na akitikisika picha inaharibika. Nikasema nitaingia nimshike mguu.

Mkalimani wetu, mama wa Kihindi aliyezaliwa Thika, akaniambia, "Mama, toa bangili. Chuma haiingii huko."

"Hii ni shaba, na ni ya ndoa. Haijawahi kutoka."

"Hata shaba. Ama ubaki nje."

Wakaleta sabuni, wauguzi wawili wakavuta. Mwende akanicheka mimi bibi yake: "Susu, leo uko uchi!" Hofu ikamwisha, akalala kimya.

Wakaiona, Kioko! Daktari alinionyesha kwa kidole: mahali padogo kwenye ubongo, kama punje moja ya ndengu, palipojipanga vibaya tangu akiwa tumboni. Palijificha kwenye mkunjo. Si uchawi, wala si kosa la ukoo wa mke wako.

Wiki ijayo watampasua wapatoe. Daktari hakuniahidi kwamba kifafa kitaisha, na nikamheshimu kwa hiyo. Mungu ashukuriwe. Na wale akina mama wa sokoni waliotuchangia, waambie nimeshukuru hata kabla mtoto hajapona. Kujua peke yake kumenishibisha.

Sasa wewe. Kile kikombe cha bati ulichomtengea Mwende, ukakifunga uzi mwekundu ili wadogo wake wasiambukizwe. Nilimuuliza daktari kama kifafa kinashika mtu kwa kikombe. Akanitazama kama mjinga, na ujinga ni wako! Kata huo uzi.

Mwambie baba yako bangili imerudi mkononi. Mke wako asilie, amnyonyeshe yule mtoto mchanga. Na yule jirani wa mambo ya uchawi, msalimie pia, nitaongea naye mwenyewe.

Mwende aanguke tena ama asianguke, nikifika nyumbani nitamimina chai ya watoto wote, na nisijue kikombe chake ni kipi.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako Nduku